Chumvi ya Paji la Uso

"Kwetu hakuna ugonjwa huo!" mama mkwe alimkatiza daktari. "Muulize huyu, atakuwa kautoa kwao."

Huyu, mke wa mwanawe, fundi cherehani, aliuma meno. Miaka mitatu mtoto wake anakohoa na kukonda. Miaka mitatu anaambiwa maziwa yake mabovu, vitambaa vyake vina vumbi, hajui kulea. Leo kipimo cha jasho kimetoa jibu, na bado mwenye kosa ni yeye.

"Bibi, ugonjwa huu wa makohozi mazito na jasho lenye chumvi nyingi hauji kwa upande mmoja," daktari alisema. "Mtoto amerithi kasoro kwa baba na kwa mama, ingawa wao wenyewe hawaumwi. Hauponi, ila kuna dawa, na kumgongagonga mgongo kila siku ili makohozi yatoke."

"Kwa mwanangu? Thubutu!"

Hapo uvumilivu ukamwishia fundi. Alimtua mtoto mapajani mwa bibi yake.

"Mama, ile chumvi ya kwenye ngozi yake niliyokuwa nakwambia, ukasema simwogeshi, ndiyo ugonjwa wenyewe. Mbusu uone."

Bibi alibetua midomo, akainama, akambusu mjukuu kwenye paji la uso, pale jasho lilipokauka na kuacha ukungu mweupe. Akalamba midomo. Akailamba tena, polepole.



"Daktari," alisema hatimaye, bila kumtazama mkwewe. "Yule mtoto wangu wa kwanza, aliyefariki kwa kifua... nilikuwa namwogesha mara tatu kwa siku. Chumvi haikutoka."