Kibanio cha Cheni

Hebu niambie, umewahi kumwona mwenye pikipiki ndefu ya porini akitambaa mchangani kama mtoto?

Asli alimwona Muriuki, yule mwalimu, karibu na kisima. Cheni ilikuwa imechomoka, naye akitafuta kibanio chake, kidogo kama kupe. Asli alikuwa amekikanyaga kwa kandambili.

"Mama, inua huo mguu! Umesimama kama nguzo ya stima."

Mguu haukusogea. Mara tatu mngurumo wa pikipiki hiyo ulikuwa umewatimua ngamia wake birikani kabla hawajanywa, na zamu yao hurudi baada ya siku nane.

"Kwani unataka nini, wewe mwanamke?"

"Ngamia yangu ikikunywa," Asli akasema, "zima hiyo kitu yako. Sukuma na mkono mpaka upite."