Dagaa Ndani ya Buti

Tangu vita vianze, kila baharia wa manowari hupewa dakika tano za kuongea na familia yake kwenye skrini, kila Jumapili. Familia isipopatikana, kompyuta hutengeneza nyingine inayofanana nayo, na baharia haambiwi ni ipi anayoiona. Jeshi, kwa huruma yake isiyo na mfano, halipendi kuona mpiga mizinga akilia.

Mwinshehe aliingia kwenye kibanda cha skrini amechana nywele. Mkewe Riziki alitabasamu. Mwanawe Shomari, mtukutu aliyewahi kusemwa hadi msikitini, alisema, "Shikamoo, baba. Nasoma kwa bidii."

Mwinshehe akaingiwa na hofu.

"Shomari, siku naondoka ulinitilia nini kwenye buti?"

"Upendo wangu, baba."

"Upendo? Dagaa, mwanangu! Dagaa wabichi, kiganja kizima! Nilinuka wiki nzima, wenzangu wakanifukuza chumbani. Umesahau?"

Riziki alitabasamu vilevile. Kibwana, aliyekuwa akisubiri zamu, akagonga mlango. "Toka, bwana, na sisi tuna wake!"

Wiki ile Mwinshehe hakula vizuri.

Jumapili iliyofuata, Shomari alitokea ameziba pua. "Baba, buti bado zinanuka?"

Mwinshehe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alipotoka alimshika Kibwana mabega. "Ni wao! Wako hai! Mtoto kakumbuka dagaa!"

"Nani kamkumbusha?"

Mwinshehe akazidi kuyang'ang'ania mabega yale. Kibwana akaitoa mikono ile taratibu, akachana nywele, akaingia. Yeye huwa hamuulizi mkewe swali lolote.