Kuazima ni Kuazima

Shindano la wasichana na wavulana lilibakiza swali moja. Houda akilipata, kombe la Kiingereza litalala bwenini kwa wasichana. Akilikosa, wasichana wataosha masufuria ya wavulana muhula mzima.

Ubaoni paliandikwa: "… me your pen." Je, ni "lend" au "borrow"?

Chaki ililowa jasho mkononi mwake. Kwao Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, neno ni moja tu, kuazima. Anayetoa anaazima, anayepokea anaazima, na mwenye mali anamwachia Mungu.

"Houda, acha chaki, we! Kamata sabuni!" wavulana walipiga kelele.

Houda akavitazama viganja vyake. Kimoja hutoa, kimoja hupokea. Kumbe Waingereza wameupa kila mkono neno lake! Unaotoa ni "lend", unaopokea ni "borrow".

Akaweka chaki chini, akamgeukia mwamuzi, Préfet, msimamizi wa nidhamu wa shule, mtu ambaye hata mbu humwomba ruhusa kabla ya kumuuma. Akamnyooshea kiganja kitupu.

"Monsieur le Préfet," alisema kwa unyenyekevu mkubwa, "lend me your tie."

Kisha, polepole, mkono wa Préfet ukapanda shingoni, ukaanza kulegeza fundo la tai.