Ofa Inaisha Leo

Gari la mumewe lilikuwa limesimama mbele ya geti la kijani tangu saa nane na dakika kumi, na fundi cherehani alikuwa akikunja pindo la gauni huku anaimba kwa sauti ya chini. Simu aliiegemeza kwenye kopo la vifungo, ramani wazi, kitone cha buluu kimetulia tuli.

Wifi yake, aliyekuja kupima gauni hilohilo, alikiona kitone akabaki mdomo wazi. Nyumba ya geti la kijani aliijua. Mji mzima uliijua, pamoja na mwenye nyumba, mjane mchangamfu asiyekosa wageni.

Haya magari ya siku hizi nayo yana mambo. Unalinunua zima, matairi manne na usukani, halafu kampuni inakuambia kuna vitu ndani yake utaendelea kuvilipia kila mwaka: kufungua milango kwa simu, kuwasha kiyoyozi kabla hujaingia, kuona lilipo. Miezi mitatu ya kwanza ni bure, ili uzoee. Siku ya kulichukua, simu ya mume ilikuwa imeisha chaji, basi muuzaji akaandikisha namba ya mke. Mume akasema hayo ni mambo ya kitoto, yeye amenunua gari, hawezi kukodishiwa milango yake mwenyewe. Hakuuliza tena. Na ile miezi mitatu ilikuwa inaisha leo, saa kumi na mbili jioni.

Ujumbe ulikaa juu ya ramani: Lipia mwaka mzima? Ndiyo. Hapana. Tangu asubuhi fundi alikuwa ameusoma mara zisizo na idadi, na kila mara kidole kilikwenda kikarudi. Hela alikuwa nayo, ya magauni ya harusi mbili. Kilichomnyima usingizi hakikuwa hela.

"Wifi, usilipe," alisema mgeni wake, amesimama juu ya kigoda, pini zimemzunguka kiuno. Aliongea kwa upole, maana yeye ni dada wa mume, na aibu ilikuwa ya nyumba moja. Alisema kaka yake ni mwanamume kama wengine, atachoka huko atarudi. Alisema wivu wa namna hii unakondesha, na kweli wifi yake alikuwa amekonda. Halafu damu ikamchemka, akabadilisha wimbo: kama ni kufumania, basi wavae viatu waende sasa hivi, yeye mwenyewe atatangulia kugonga.

"Nikamfumanie ili iweje?" fundi alisema, pini mdomoni. "Kila Alhamisi huwa pale. Mwache akae."

Wifi akamkodolea macho. Wanawake wenye roho ngumu wapo, lakini huyu alizidi. Kila Alhamisi anamtazama mumewe akiingia kwa mwanamke mwingine, na kazi yake ni kuimba.

Saa tisa na nusu watoto walirudi kutoka shule. Yule mkubwa, msichana wa darasa la nne, hakusalimia wala hakuulizia chakula. Alisimama mlangoni, amemshika mdogo wake mkono, akauliza, "Liko wapi?"

"Bado liko kwenye geti la kijani."

Msichana akashusha pumzi, akatupa mkoba, akafungulia redio. Mdogo wake akaanza kurukaruka juu ya kochi akicheka.

Hapo wifi uvumilivu ulimwishia. Kumchunga mume ni jambo moja. Kuwafundisha watoto kumpeleleza baba yao ni jambo jingine kabisa. Alishuka kigodani, akavua gauni huku pini zinamchoma, akavaa nguo zake, akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Nikuulize kitu kimoja tu," akasema. "Ukilipa, mwaka mzima mtaishi hivi? Wewe na watoto, macho kwenye simu, roho juu juu?"

Fundi alikuwa amejiambia kwamba mwaka mmoja unavumilika, kwamba kitone kile kikiwepo, nyumba inakalika. Swali lile lilimwingia mahali ambapo hata yeye mwenyewe alikuwa hapagusi. Machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa kipande cha kitambaa.

"Hapana," akasema. "Hatuwezi."

Wifi akamkumbatia. Akamwambia ndivyo anavyofanya mke mwenye akili, sasa atulie, amsubiri mumewe kwa uso mkunjufu, na amani itarudi. Akaahidi kuja kuchukua gauni Jumamosi. Fundi akamwambia alichukue leoleo, pindo limebaki kidogo tu, atalimalizia kwa mkono huko kwake. Wifi alishangaa kidogo, lakini akalikunja na kuondoka mwepesi, akijiona ameokoa ndoa ya kaka yake.

Mlango ulipofungwa, fundi akaichukua simu. Kitone kilikuwa palepale. Akabonyeza Hapana. Simu ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza tena.

Msichana, aliyekuwa akichungulia begani kwake, akazima redio. Uso ulikuwa umembadilika.

"Mama, sasa tutajuaje akikaribia? Tutawahi vipi kujificha?"

Mama yake alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza ya kukatia, anavuta mabegi mawili kutoka nyuma ya gunia la vitambaa.

"Kutoka pale alipo mpaka hapa ni dakika arobaini," alisema, "na stendi ni kumi na tano. Mvalishe mdogo wako viatu."