Jasusi wa Baba

Siku hizi filamu haijirudii. Kila ukiiwasha inajibadilisha kidogo, ili usiichoke. Ijumaa mimi na mama huangalia ile ya zamani ya jasusi anayekimbia juu ya treni, kwa sababu sauti ya Kiswahili ni ya marehemu baba. Alitafsiri filamu za vibanda vya video Tandika, na watu walifuata utani wake kuliko risasi.

Jana jasusi alipofika ukingoni mwa behewa, baba akasema, "Ruka, bwana! Unaogopa kama Mama Mwanaidi na mende!"

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mchokozi huyu!"

"Mama, baba hakuwahi kusema hivyo."

"Si ameongeza leo?"

"Amefariki miaka sita sasa."

"Wee Mwanaidi, hebu nyamaza tusikilize."

Nikaongeza sauti. Mama huogopa mende kweli, lakini hilo tulilijua nyumbani tu. Na mimi pia nilitaka kusikia atasema nini tena.

Leo asubuhi nimechukua daftari niandike utani wake halisi wa pale kwenye behewa, nilioujua tangu utotoni. Nimekaa na kalamu mpaka chai imepoa. Kinachonijia ni mende tu.