Mtu wa Marijani Hapigiki

Mtu wa Marijani alimwua simba wa tatu kabla chai haijapoa.

"Nne tena," alisema Nikodemu, akiitupa barua juu ya mkeka. "Kete zote nne zimetazama juu. Kila Jumapili nne. Huko vitani wanarusha kete gani?"

Albano alikisogeza kinyago kidogo cha mpingo hatua tatu mbele, kwenye ramani aliyoichora nyuma ya kalenda kuukuu. Mchezo ulikuwa wake. Aliubuni miaka mitano nyuma, hapa hapa barazani kwake Temeke. Kila mchezaji ana mtu wake wa kumsafirisha, aliyechongwa na Albano mwenyewe. Albano anasimulia njia na hatari zake, na kete nne za kauri ya pwani zinaamua nani atapita; zikitazama juu zote, umeshinda. Mtu akifa, amekufa. Kinyago hurudishwa kwa mwenyewe. Na hakuna anayekufa bila kurusha kete. Kwa sheria hiyo walimwamini.

Marijani alipopanda lori la mgambo kwenda Kagera, mwezi wa Novemba, alimshika Albano mkono. "Msiufunge mchezo, kaka. Nitarusha huko huko, niwaandikie."

"Utaukuta," Albano alimwahidi.

Na kweli aliandika. Albano alituma hatari, Marijani akajibu kete zilivyoanguka. Barua zilipitia kwa mama yake, Bi Somoe, ambaye nyumba yake ilitazamana na baraza. Mwanzoni mtu wa Marijani alikuwa kama Marijani mwenyewe, mcheshi na mwoga, akikimbia hata nyani. Lakini tangu katikati ya Februari hakupigwa tena, na sasa ilikuwa Juni.

Albano alijaribu kila njia. Alimnyang'anya mtu huyo panga, naye akashinda kwa mikono. Alimpa mji autawale, labda atatulia. Akautawala siku mbili, akaendelea na safari. Alimletea mke mzuri wa kumzuia. Jibu lilikuja kwa penseli, kwa herufi kubwa zilizosimama wima: HATAKI KUOA HUKO. ANARUDI KWAO.

"Hata mwandiko wake umekuwa wa kijeshi," mwenzao Fransis alicheka siku ile.

Leo Fransis hakucheka. "Kaka Albano, sie tumekuwa wapagazi wa mtu mmoja. Mtu wangu amebeba chumvi tangu Pasaka, hajapata hata nafasi ya kumzaba mtu kofi. Jumapili ijayo mie naenda kutazama mpira."

"Na mie," alisema Nikodemu. "Alikuwaga mwoga yule, tukampenda. Huyu wa sasa hana hata wa kumpisha njia. Ama yeye, ama sie."

Wawili hao wakiondoka, mchezo umekwisha. Albano aliligeuza jambo hilo kichwani mpaka chai ikaisha. Marijani akirudi asimkute mtu wake, atanuna wiki moja. Asipoukuta mchezo wenyewe, hatasahau mpaka kufa.

Akachukua karatasi, akaandika mistari miwili. Mtu wako alipata homa njiani. Hakuamka.

Bi Somoe alikuwa akirudi kutoka kisomo cha watu wazima, daftari na penseli kwapani. Walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Leo mnamwandikia nini?"

Albano alimpa barua, na juu yake kinyago.

"Mbona na hiki?"

"Amekufa, mama. Homa."

"Alirusha kete?"

"Hakurusha."

"Nilidhani hiyo ni sheria."

"Ni sheria, mama. Lakini amezidi nguvu, wenzake wanataka kuacha. Mwambie asikasirike. Akirudi nitamchongea mwingine."

Bi Somoe alikitazama kile kinyago, akakifuta vumbi kwa kidole. "Mmekubaliana wote?"

Fransis alitazama chini. Nikodemu alikohoa.

"Wote, mama," alisema Albano.

"Haya." Alikifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo. "Kama wote mmekubali."

Kesho yake Albano alitoka kazini, kwenye kibanda cha wachongaji, vumbi la mpingo likiwa bado nyusini. Aliona mikeka imetandikwa nje ya nyumba ya Bi Somoe na wanaume wenye kofia wameketi kimya. Ndani wanawake walikuwa wakilia. Fransis alikuja kumpokea njiani.

"Marijani," alisema, akamwelekeza kwenye mikeka.

Mzee Mwishehe, kaka yake Bi Somoe, alimwita kwa mkono. "Njoo, mwanangu, wewe ndiwe msomaji. Dada ametutolea barua ya jeshi asubuhi hii. Tusomee, watu wajue."

Aliichomoa kutoka ndani ya daftari la kisomo, ambalo karatasi zake karibu zote zilikuwa zimechanwa.

Barua ilikuwa laini kama kitambaa, imeanza kukatika kwenye mikunjo. Albano alisoma jina. Akasoma namba, akasoma mahali. Kisha akaanza kuikunja barua.

"Na tarehe," alisema Mzee Mwishehe.

Ilikuwa tarehe tatu Februari.