Hodi ya Tatu

Mlango wa kuchonga ulikuwa wazi, lakini Bi Kidawa hakuingia. Alivua ndara zake kizingitini, akaita, "Hodi!"

Sebuleni, pale mama yake alipokuwa akitandika mkeka zamani, watu walikaa kwenye meza za vioo, wakinywa kahawa na kutazama kompyuta zao. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Hodi!"

Mhudumu mmoja aliyevaa aproni akamsogelea na trei. "Bibi, ingia tu na viatu vyako. Hapa ni mgahawa sasa, watu hawapigi hodi."

"Najua, mwanangu. Mlango mmeupaka mafuta vizuri."

Mhudumu akatabasamu, akaenda zake kupeleka vikombe.

Ikabaki hodi moja. Bi Kidawa alilelewa hivyo: ukibisha mara tatu usiitikiwe, unarudi ulikotoka, hata kama mlango uko wazi.

"Hodi," akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Akasubiri. Katika nyumba hii, kwa miaka arobaini, mwenye kuitikia hodi alikuwa yeye.

"Karibu," akajijibu, akaingia pekupeku.

Nyuma yake, wateja wakawa wanaziruka ndara zake kizingitini, wakiingia na viatu.